Mwanya wa Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Wiki ya hukumu imefika. Mkono mmoja uko kwenye kipanya, mwingine uko kwenye shajara.

Nijieleze, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wakubwa. Mimi, Willis Ooko, ni mchoraji wa meno. Kule Denmark kuna mama anaitwa Margit, ana karakana ya meno ya bandia. Mtu wa kule akivunjika jino, daktari wake hupiga picha za mdomo wote, picha zinanifikia hapa mtaa wa Tena, Nairobi, ghorofa ya tatu, nami nalichora jino jipya kwenye kompyuta hadi likae kama aliloumbiwa. Nikimaliza narudisha. Mashine ya Margit inalichonga. Watu wanatafunia kazi yangu na hawanijui! Inaniuma kidogo, lakini ndiyo biashara.

Shida ni Junaid. Anakaa ghorofa ya nne, juu ya kichwa changu kabisa. Nilimfundisha kazi hii mimi mwenyewe, nikamwonyesha hata tofauti ya chonge na gego, nikitumaini atakuwa msaidizi wangu. Sasa Margit anatujaribu sote wawili, na mwisho wa wiki hii anachagua mmoja wa kumwajiri. Junaid ana kiti cha kuzunguka. Nakisikia kikizunguka. Mimi nakalia stuli ya plastiki.

Na Jumamosi ya wiki hiihii anakuja Mzee Patrobas, baba mkubwa wa Elsie wangu, ndiye aliyemlea. Karani wa reli mstaafu. Elsie amenionya: kwa mzee, kazi isiyo na geti si kazi. Kazi ni mahali ambapo askari anakuzuia kwanza. Mwanamume anayeshinda chumbani na kaptura, kwa mzee huyo ni mgonjwa. Asiporidhika, hakuna safari ya kwao Bungoma, hakuna posa, hakuna Elsie.

Kwa hiyo: bila Margit sina kazi, na bila kazi sina Elsie.

Elsie alipita jioni akitoka kazini. Nilikuwa namwigiza Junaid na kiti chake, nikaanguka kutoka kwenye stuli. Akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake. Haya iliyoje! Wasichana wa namna hiyo wamekwisha Nairobi. Na nyuma ya kiganja kile kuna mwanya wa meno ya mbele ulionimaliza siku ya kwanza, pale kwenye foleni ya maji. Nikiuona, hata hofu ya Margit hunitoka kwa muda.

Jumanne, 4 Novemba

Kazi imeingia. Ndiyo yenyewe! Margit ameandika kwamba ni ya haraka, na ndiyo itakayomsaidia kuamua. Bibi harusi, anaolewa Jumamosi, ameanguka na baiskeli akavunja meno mawili ya mbele ya juu. (Bibi harusi juu ya baiskeli wiki ya harusi? Shangazi zake wako wapi?) Hakuna muda wa kujaribisha. Nichore, yachongwe, Ijumaa avishwe.

Nikafungua picha zake za kabla ya ajali. Nusura nianguke tena. Mwanya! Katikati kabisa, umenyooka! Kumbe Mungu hakutubagua.

Halafu nikasoma maagizo. Mteja anaomba mwanya uzibwe.

Nimesoma tena. Nimeshuka, nimezunguka tangi la maji, nimepanda, nimesoma tena. Uzibwe. Haiwezekani. Watu hujaliwa mwanya, hawaombi uzibwe! Nimesikia kuna wanaotia meno tupa ili waupate. Lazima ni makosa. Karani fulani amechoka, ameandika kinyume.

Nikapeleka suala kwa Bi Kibibi, mama yake Junaid, anayekaanga mahamri pale chini mlangoni. Asili yake Lamu, na mwanya wake unajulikana hadi mtaa wa Umoja. Sikutoa siri ya kazi. Niliuliza tu kwa ujumla: binti mwenye mwanya, aweza kutaka uzibwe? Bi Kibibi aliacha kijiko hewani, mafuta yakidondoka. Akasema mwanya ni pambo la Mwenyezi Mungu, na marehemu mumewe aliuona mwanya kabla hajamwona yeye. Akataka kujua ni nani huyo mwenye wazimu. Nikasema hakuna.

Junaid alikuwa hapo akila. Akadakia, bila kuulizwa, kwamba mteja ndiye mwenye mdomo, na fundi asiyeelewa agizo huuliza. Kuuliza! Anayeuliza ni asiyejua. Nikimwuliza Margit sasa, wiki ya hukumu, ataona sijui. Ujanja huo nimeuona, Junaid. Siulizi ng'o.

Jumatano, 5 Novemba

Nimechora. Sijawahi kuchora vile! Nilianza asubuhi kabla ya chai, nikafungua kando picha ya Elsie ya siku yake ya kuzaliwa, ile aliyosahau kuziba mdomo. Nikapima. Nikayapa meno ya bibi harusi mwanya wa Elsie hasa, na kakombo kadogo upande wa kushoto ambako hakuna anayekajua isipokuwa mimi. Machozi yalinilengalenga. Si uchovu, ni mapenzi.

Tatizo moja. Margit hutaka picha ya kazi kabla ya kuiweka kwenye mashine. Ni mtu wa maagizo, huyu mama. Akiuona mwanya mapema ataanza maswali, na maswali yataharibu kila kitu. Afadhali auone kinywani mwa bibi harusi, bibi harusi akilia kwa furaha mbele ya kioo. Nikafikiri. Nikageuza meno kwenye skrini. Ukiyatazama mbele, mwanya unaonekana. Ukiyatazama ubavuni, hauonekani hata kidogo.

Nimeamua: picha ya ubavuni. Si uongo. Meno yana ubavu.

Nikabonyeza kutuma. Hapohapo mvua ikanyesha, stima ikapotea! Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Betri yangu ilikufa mwaka jana na sikuizika. Ikabidi nimpandie Junaid na kompyuta yangu kwapani, maana ndiye ana betri kubwa na intaneti isiyozimika. Nilijua atanicheka. Hakunicheka. Alinipisha, akasema nikalie kiti chake, akaenda kuniletea chai ya tangawizi. Wema wa namna hiyo unatia mashaka. Nikageuza skrini asione, nikatuma.

Kiti kile kinazunguka vizuri. Nilizunguka mara moja tu, Junaid akiwa amenipa mgongo.

Margit amejibu: yanapendeza, yanaenda kuchongwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Na kama si makosa ya karani?

Wazo lilinijia nikipiga mswaki. Nimelifukuza, limerudi nikinywa chai, nimelifukuza, limenikuta dukani. Nimenunua sabuni badala ya mkate. Nikataka kumwandikia Margit asimamishe mashine. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena: mpendwa Margit. Nikafuta. Ningesema nini? Kwamba nilituma ubavu? Nimeogopa. Naandika wazi hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: nimeogopa sana.

Dawa ya hofu ni kazi. Nikaanza mpango wa geti.

Mzee Patrobas anataka geti, atapata geti. Nimezungumza na Mutie, askari wa jengo letu. Jumamosi atapanda hadi mlangoni kwangu, avae kofia, awe na daftari la wageni, amwandikishe mzee kwa heshima, kisha amfungulie. Mutie akaniuliza, "Boss, nimbanie ama nimwachilie tu?" Nikamwambia ambane kidogo, ionekane ofisi. Akauliza kidogo ni kiasi gani. Nikamwambia atumie akili. Nimechapisha na kibao cha mlangoni: OOKO MENO YA KIMATAIFA. Junaid amekiona akipita. Alikisoma mara mbili.

Ijumaa, 7 Novemba

Kimya. Leo bibi harusi anavishwa. Nimefungua barua pepe hadi kidole kimechoka. Kimya!

Kimya ni furaha. Watu wenye furaha hawaandiki. Nimejiambia hivyo siku nzima.

Nimeazima televisheni ya Bi Kibibi. Nitaiunganisha na kompyuta, mzee aone meno makubwa kama milango.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nikikaa sakafuni. Stuli imevunjika, nitaeleza.

Elsie alifika mapema, akapika kuku na chapati, akanikagua kola. Alikuwa na wasiwasi kuliko mimi, akisema mzee akikataa yeye hana pa kukata rufaa. Nikamwambia aniamini. Akasema anajaribu.

Saa tisa nikasikia viatu ngazini. Mzee Patrobas! Fimbo, koti, kofia ya reli. Nikajibanza nyuma ya mlango nisikilize geti langu likifanya kazi.

Mutie alifanya kazi. Akadai kitambulisho. Mzee akatoa. Akaandika jina, akaandika kijiji, akaandika saa, akaandika tena saa kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imepita. Akauliza mzee ana miadi? Mzee akasema amekuja kumwona kijana anayetaka kuposa binti yake. Mutie akasema hilo si jibu la ofisi. "Boss ako kwa mkutano, mzee. Keti hapo kwa ngazi." Na mzee akaketi kwenye ngazi!

Nilitaka kutoka. Lakini mkubwa aliye mkutanoni hutokaje? Elsie ndani anaunguza chapati ya mwisho, ananiashiria kwa mwiko nifungue. Mimi namwashiria asubiri. Nje Mutie anamwuliza mzee kama amebeba silaha, maana fimbo ni kitu cha kutiliwa shaka. Nikaona Bungoma inazama. Nikafungua.

Mzee alikuwa anatabasamu! Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema siku zake za reli hata askofu aliwahi kuketishwa nje, na kwamba tangu astaafu hajazuiwa mahali popote, watu wanamwambia tu pita, mzee, pita. Akasema hapa ni mahali pa kazi. Akampongeza Mutie. Mutie akapiga saluti, akabisha kidogo kumrudishia fimbo aliyokuwa amemnyang'anya.

Nilifaulu! Naandika hivyo kwa kuwa ilikuwa kweli kwa muda wa kuku mzima. Mzee alikula, akasifu, akaniita mwanangu. Akataka kuona kazi yenyewe. Nikawasha televisheni, nikaleta meno ya bibi harusi, mbele kabisa, mwanya wote ukutani. Elsie akaacha kutafuna. Nilidhani ameguswa.

Ndipo ujumbe wa Margit ukaingia. Kwenye televisheni! Kwanza ikatokea picha: bibi harusi, gauni jeupe, maua, bwana harusi, na kiganja cha mkono kimeziba mdomo. Nikasimama. Nikamwambia mzee, kwa fahari kabisa, kwamba aone, hata kule wasichana wana haya.

Elsie alikuwa anasoma maneno yaliyofuata. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, na changu kilikuwa kimenitoka. Akamsomea mzee kwa Kiswahili, polepole, sauti yake ikishuka kila sentensi. Kwamba mteja alilia kwa daktari jana. Kwamba ametaniwa kwa meno yale tangu utotoni, na alipoyavunja alisema angalau sasa yataungana. Kwamba hakukuwa na muda wa kuchonga mengine, ikabidi abandikwe hayohayo kwa gundi ya muda, na leo ameolewa hivyo, kwenye picha zote ameziba mdomo. Kwamba Junaid amepewa kazi ya kuyachora upya. Mwisho Margit aliuliza swali moja: kwa nini ulinitumia picha ya ubavuni?

Nikaketi. Stuli ikavunjika.

Mzee Patrobas akauliza kama huyo mama ndiye mkubwa wangu. Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa, akasema wakubwa wote ni hivyo, yeye alifokewa miaka yote na alipostaafu akapewa saa ya ukutani. Akachukua chapati nyingine. Huyu mzee ni mwanamume mwema.

Elsie hakula tena. Nilimfuata ngazini. Akaniuliza mwanya ule kwenye skrini ni wa nani, maana kakombo kale ka kushoto anakajua, amekaangalia kwenye kioo maisha yake yote. Nikasema ni wake, nikidhani atafurahi. Akaniambia kwamba shule ya msingi walimwita Geti. Darasa zima, na mwalimu pia. Kwamba alianza kuziba mdomo mwaka ule na hajawahi kuacha. Haikuwa haya, Willis. Akaniuliza kama nimewahi hata siku moja kumwuliza.

Nikafikiri kwa bidii. Sijawahi.

Akashuka na mzee wake. Mutie akawaandikisha kutoka.

Jumapili, 9 Novemba

Elsie hapokei simu. Bi Kibibi amekuja kuchukua televisheni yake, akaniletea mahamri, akasema nimekonda. Sikuweza kumwangalia usoni, kwa sababu ya mwanya.

Najisikia vibaya. Si kwa ajili ya kazi tu. Msichana amejiziba mdomo siku ya harusi yake kwa ajili ya ujuzi wangu.

Nimemwandikia Margit nikaomba msamaha. Nilieleza pia kuhusu mwanya na utamaduni, kwa kirefu. Pengine kirefu mno.

Jumanne, 11 Novemba

Junaid ameajiriwa. Alishuka mwenyewe kuniambia, akakaa sakafuni nami kwa kuwa hapana stuli. Nilijiandaa kwa majivuno. Akasema amemwomba Margit anibakize chini yake, na Margit amekubali kwa masharti: nichore magego tu. Meno ya nyuma, yasiyoonekana. Na kila picha niitume kwa pande zote, juu na chini.

Nimekubali. Magego! Mtu niliyemfundisha gego ni lipi! Nilimshukuru, kisha nikaomba kiti chake cha zamani. Akasema hana kiti cha zamani.

Alhamisi, 13 Novemba

Elsie amekuja! Hakuwa na hasira tena, au alikuwa nayo ameikunja vizuri. Akasema mzee wake ameshatangaza Bungoma nzima kwamba binti ataolewa na mtu wa ofisi yenye ulinzi mkali, kwa hiyo ameona tuzungumze.

Tukazungumza. Akasema amekwenda kwa daktari wa meno kule Buruburu. Anataka vile vifuniko vyembamba vinavyobandikwa juu ya meno ya mbele. Daktari ameshapiga picha za mdomo, na amekubali vichorwe na mtu yeyote ambaye Elsie anamwamini. Akasema anamwamini mtu mmoja tu, pamoja na upumbavu wake wote, kwa sababu amemwona akihangaika juu ya meno ya watu asiowajua. Lakini mwanya uzibwe, Willis. Kabisa. Akanishika mkono, akaniapisha kwa jina la mama yangu anayekaa mtaa wa Huruma. Nikaapa. Nilitokwa na machozi ya kweli. Akacheka kuniona, akaziba mdomo, nami mara hii nikaelewa kile kiganja kinaficha nini, nikamwonea huruma.

Nimejifunza mengi sana wiki hizi mbili. Niyaandike yasipotee: mteja ndiye mwenye mdomo. Usidhani, uliza. Agizo ni agizo.

Alipoondoka nikaanza kuchora hapohapo. Nimeyasogeza meno yakakutana. Yamekaa vizuri, meupe, yamefungana. Yanapendeza. Yangeweza kuwa ya mtu yeyote.

Nimeyatazama kwa muda. Nimekunywa chai. Nimerudi, nimeyatazama tena.

Nimeacha nafasi ndogo tu. Upana wa uzi! Uzi wenyewe wa cherehani, si wa viatu. Si mwanya, ni kumbukumbu ya mwanya. Siku moja atakuwa mzee, atajiangalia kwenye kioo, atanishukuru. Hata haja ya kumwuliza sioni, maana hataugundua.

Amesema nimtumie picha aone kabla hayajachongwa. Nitamtumia ya ubavuni.